Boma Lisilo na Mlango

Mimi ni mtu wa kunyoosha vitu. Nikiingia kwenye nyumba ya mtu nikakuta picha imeinama ukutani, mazungumzo yote yananipita mpaka niinuke nikainyooshe. Mama anasema nilianza nikiwa mdogo, kwamba nilikuwa nalia kama kamba za viatu hazikulingana urefu. Siku hizi silii. Tumbo linabana, viganja vinatoa jasho, na kama kitu chenyewe nimekitengeneza mimi, usingizi hauji. Nayasema haya mapema kwa sababu asiyeyajua hataelewa jinsi nilivyokaribia kuua chumba cha watu kwa ajili ya handaki lililochorwa kwenye kioo cha kompyuta.

Chumba chenyewe kilikuwa mtaa wa Mafiga, chumba cha mbele cha nyumba ya mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani tangu ujana wake mpaka kiwanda kilipouzwa. Wenye kiwanda wapya walipunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua mashine za kusaga, wengine wakafungua vioski, wengine wakanywa. Yeye alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta nne za mitumba zimefungwa kwenye mablanketi kama wagonjwa. Mtaa ulimcheka. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia, redio, viatu, magari, sabuni za rangi tusizozijua, na kila mwenye akiba kidogo alikuwa anabahatisha ni kitu gani watu watakitaka kesho. Mzee alibahatisha kompyuta. Alidhani watu watakuja kujifunza kupiga chapa. Watu walikuja kucheza.

Walicheza mchezo mmoja tu, wa vita vya kale. Mchezaji anaongoza jeshi la watu wadogo wenye ngao, wapiga mishale na wapanda farasi, anajenga ghala la chakula, anamvamia mwenzake na kulichoma la kwake. Ghala likiungua, umeshindwa. Kompyuta ziliunganishwa kwa waya mbilimbili, kwa hiyo watu wawili waliweza kupigana wakiwa wamekaa bega kwa bega kwenye benchi, na wengine wakajazana nyuma yao kutoa ushauri mbaya.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Mzee alinipa ufunguo wa chumba. Nifute vumbi, niwashe mashine, nizime umeme ukianza kucheza. Asubuhi kabla ya watu kuja, mashine moja ni yangu. Hakuna aliyenifundisha kitu. Nilifungua mafaili ya ule mchezo moja baada ya jingine, nikiwa na kamusi ya Kiingereza mapajani, nabadilisha namba moja, nawasha mchezo, naangalia kimeharibika nini. Nikiharibu, narudisha. Nilijifunza hivyohivyo, kwa kuharibu na kurudisha, na kila nilipoharibu nilihisi kama mzee amesimama mlangoni ananitazama, hata kama yuko sokoni.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha kilikuwa majina. Jeshi moja nikaliita la mlimani, jingine la Tabora. Nilifanya hivyo kwa utani tu, maana mzee ni Mnyamwezi wa Tabora na mimi ni Mluguru wa mlimani kwa upande wa mama, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na makabila haya mawili ni watani tangu zamani. Sikujua kwamba nimewasha moto. Mafiga kulikuwa na watu wengi wa bara waliokuja kwa ajili ya viwanda, na watoto wao, na kulikuwa na sisi wa hapahapa. Kuanzia Jumamosi iliyofuata, siku ambayo chumba hujaa, kila mtu alichagua jeshi lake.

Aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni kijana mmoja aliyeuza viatu vya mitumba sokoni Mwembesongo, ambaye wazazi wake walitoka Tabora kama mzee. Alikuwa anakuja na viatu vyake vimening'inia begani, anaviweka chini ya benchi, anapasha vidole moto.

"Ninyi watu wa mlimani," anasema, "mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi kwa kutembea ubavuni. Mtakimbiaje kwenye tambarare?"

"Kwa miguu hiyohiyo tutakukimbiza wewe mla michembe, viazi vikavu, mpaka Tabora," mmoja wetu anajibu.

"Haya, mtumwa wangu ameanza kusema."

"Mtumwa wako nani? Babu yako alipita hapa chini na mzigo kichwani, babu yangu alimwona toka juu akamhurumia, akamtupia ndizi."

"Mbivu au mbichi?"

"Ganda."

Chumba kinaanguka kwa kicheko, na mzee, ambaye hakuwahi kugusa mchezo ule, anacheka kuliko wote, amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Nilikuwa nasimama nyuma na kufikiri kwamba kuna kitu kimoja duniani nimekifanya kikawa sawa.

Basi, mimi sikuwahi kuacha kitu kilicho sawa.

Maktaba ya mjini ilikuwa na kitabu kikubwa chenye michoro ya majeshi ya kale. Humo nikasoma habari za askari ambao kila jioni, hata wawe wamechoka vipi, walikuwa wanachimba handaki kuzunguka mahali watakapolala, udongo wanaupandisha upande wa ndani uwe tuta, na juu ya tuta wanasimika vigingi walivyobeba safari nzima. Asubuhi wanang'oa vigingi, wanaondoka. Niliusoma ukurasa huo nikiwa nimesimama, nikasahau kukaa. Majeshi yetu kwenye mchezo yalikuwa yanasimama uwanjani wazi kama kuku. Niliona aibu kwa niaba yao.

Mchezo haukuwa na handaki. Ulikuwa na mto. Nikachukua kile kipande cha mto wa kina kifupi, ambacho askari wakikivuka wanakwenda polepole, nikakipaka rangi ya udongo, nukta kwa nukta. Askari wakawa wanapita kwenye udongo huku sauti ya maji ikisikika chwa, chwa, chwa. Ilinichukua asubuhi nyingi kuipata ile sauti imefichwa kwenye faili gani na kuiondoa. Kisha vigingi. Mchezo ulikuwa na ukuta wa mawe. Nikaugeuza umbo uwe safu ya miti iliyochongwa. Kwanza niliisimamisha wima, lakini ilionekana kama uzio wa shule. Ndipo nikakumbuka shamba la bibi yangu, mama yake mama, juu ya kijiji cha Mkuyuni.

Nilipanda kwenda kumwona. Bibi alikuwa amezungushia muhogo wake fito na miiba dhidi ya nguruwe pori, na fito zote zilikuwa zimeinama kwa nje.

"Bibi, kwa nini umeziinamisha?"

"Mume wangu, umekuja mlima wote huu kuniuliza habari za fito?"

"Ndiyo, bibi."

"Nguruwe anakuja na kifua. Aumie yeye kabla ya muhogo. Umekula?"

Nilikuwa sijala. Alinipikia, akanitazama nikila, akasema nimekonda, akauliza kama hiyo kazi ya mjini ni kazi au ni kukaa. Nilimwambia natengeneza boma. Akauliza la nani. Nikasema la Waluguru. Akasema vizuri, na akanipa ndizi za kumpelekea mtani wake, yaani mzee, pamoja na tusi ambalo siwezi kuliandika. Walifahamiana. Kila aliposhuka mjini alikuwa anapitia Mafiga kumtukana kidogo.

Nikarudi nikainamisha vigingi vyangu. Nikaongeza ua wa miiba mbele ya handaki. Nilipomaliza, nilijaribu kulivamia boma lile mwenyewe kwa kila namna, kwa farasi, kwa mishale, kwa watu wengi, kwa watu wachache waliozunguka nyuma. Hakuna aliyepita. Jeshi linaloongozwa na kompyuta yenyewe lilifika ukingoni likasimama. Kwa kuwa hakukuwa na njia yoyote ya kuingia, lile jeshi halikujua la kufanya, likabaki limesimama pale na mikuki juu, watu wadogo mamia, wanatazama mbele. Nililitazama kwa muda mrefu. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri. Sikumbuki kitu kingine nilichowahi kukimaliza kikawa hakina tundu.

Jumamosi iliyofuata wachezaji walilalamika. Kila aliyelinda alishinda, kila aliyevamia alishindwa, kwa hiyo wote walitaka kulinda. Mlimani wamekaa ndani ya boma, Tabora nao wakadai boma lao, nikawapa, wakakaa ndani ya boma. Majeshi mawili yanatazamana ng'ambo mpaka umeme ukatike. Jumamosi ya pili hawakulalamika, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Kelele zilipungua. Utamtukanaje mtu ambaye hakufikii wala humfikii? Muuza viatu alicheza mara moja tu, akapoteza farasi wake wote kwenye miiba, akaokota viatu vyake chini ya benchi.

"Mtani, umejenga vizuri," akaniambia. "Kaa humo."

Hakurudi. Baada yake wakapungua wengine, mpaka Jumamosi ikafanana na Jumanne.

Mzee aliniita uani. Alikuwa hapendi kunisema mbele ya watu, hata kama watu wenyewe hawapo.

"Kuna mwalimu wa sekondari moja amekuja," alisema. "Anazitaka kompyuta. Zote nne. Mvua zikikatika na barabara yao ikapitika, atakuja kuzichukua. Nimemwambia aje."

Nilianza kuzipanga ndoo za pale uani kwa ukubwa.

"Watu wakirudi, nitaongea naye. Wasiporudi nitafanyaje? Nikae nizitazame? Mimi si mtu wa kiwandani tena, sina wa kunilipa kwa kuangalia mashine." Akaonyesha chumbani kwa kidole. "Viondoe hivyo vichaka vyako."

"Bado havijakamilika, mzee."

"Ndiyo maana nasema uviondoe."

"Nipe muda kidogo. Nikivikamilisha watarudi."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa. Hakunilazimisha. Na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini watu wameondoka, nilijiambia kwamba wameondoka kwa sababu udongo wa handaki ni mwekundu mno. Wiki zile za masika nilizitumia kutafuta rangi ya udongo. Mvua inapiga bati, chumba kitupu, mimi nimeinama kwenye kioo nabadilisha wekundu kidogo, hudhurungi kidogo. Nilijua kabisa kwamba mvua zikikatika chumba kitaondoka, na pamoja nacho mahali pekee ambapo nilikuwa najua kufanya kitu. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kupaka rangi.

Asubuhi moja mama alikuja chumbani. Hakuwahi kuingia humo kabla. Alisimama kizingitini na khanga kichwani, imelowa, nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Bibi yako ametutoka," alisema. "Twende."

Nilisimama. Nikazima mashine kwa utaratibu wake wote, hatua kwa hatua, mama akisubiri. Nakumbuka nilihakikisha kwamba vitambaa vya kufunikia vimelingana pembe zote. Mzee alikuwa ametoka chumbani kwake tayari, amevaa koti lake la kanisani.

"Baki na chumba, mzee," mama alimwambia. "Mvua hii, na wewe magoti yako."

"Mtani wangu afe, mimi nibaki mjini nalinda mabati?" alisema mzee, akafunga mlango kwa kufuli.

Tulipata lori lililokuwa linarudi kuchukua mananasi. Tulikaa nyuma juu ya matenga matupu, tumejifunika turubai. Mkuyuni tukashuka na kupanda kwa miguu, na ni kweli mzee magoti yalimsumbua. Kila mwinuko alisimama na kuutukana mlima, na kila alipoutukana mama alitabasamu kidogo bila kutaka.

Wanawake walikuwa ndani na maiti. Wanaume walikuwa wanachimba, chini kidogo ya nyumba, mahali walipozikwa wengine wa ukoo. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa anasimamia. Udongo ulikuwa umelowa, unachimbika kirahisi na kuporomoka kirahisi. Nilisema shikamoo kwa wote, nikavua viatu, nikaomba jembe. Walinipisha. Ni haki ya mjukuu.

Nikashuka kaburini. Wenzangu walikuwa wamekaribia kumaliza. Nikaona ukuta mmoja umetoka tumbo kidogo, nikauparua. Udongo ukaporomoka, nikausawazisha. Kisha pembe ya kichwani haikuwa sawa na ya miguuni. Nikaparua. Niliweza kuona kabisa mstari ulipopaswa kupita, kama ninavyouona kwenye kioo, na ilikuwa wazi kwangu kwamba nikiupata ule mstari, kila kitu kitakuwa sawa, hata hili. Waliokuwa nami ndani walitoka mmoja mmoja. Sauti za watu juu zikapungua. Nikasikia mjomba akisema, kwa upole, "Inatosha, baba." Nikasema bado kidogo. Nikasikia mtu akisema jeneza liko tayari, na mwingine akisema mwacheni. Nilikuwa natweta. Nilikuwa nalia au silii, sijui, uso wote ulikuwa matope. Ukuta ulikuwa haunyooki. Mvua ilikuwa inaula kila nilipoumaliza.

Halafu kitu kizito kikashuka nyuma yangu. Niligeuka nikamwona mzee, na koti lake la kanisani, amekaa chini, ndani ya kaburi. Akajinyoosha chali, kama watani wanavyoruhusiwa msibani, akaweka kofia kifuani, akafumba macho.

"Aaa," alisema. "Waluguru wamenijengea nyumba. Kuta zimenyooka kuliko za kiwandani."

Juu mtu akaguna.

"Toka humo, mtumwa," mjomba akamwambia kwa juu, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

"Sitoki. Bibi yenu mtafutieni pengine pa kulala, yeye alikuwa mfupi, hata kwenye kikapu anaenea. Hapa nimefika mimi." Akafumbua jicho moja akanitazama. "Na wewe fundi, unafanya nini humu? Unamzika bibi au unamchimbia handaki la vita? Malaika watakuja kumuuliza maswali yake, watapita wapi? Watakaa nje na vitabu vyao, wanyeshewe. Kesho watatuuliza, huyu nani alimjengea?"

Nilisikia kicheko kimoja, kisha kingine, kisha wote. Hata shehe aliyekuja kuswalisha aligeukia upande wa mlima akakohoa kwa muda mrefu. Mzee aliendelea. Alimwigiza bibi akishuka Mafiga na ndizi zake, akimwita kila mtu jina lake na kasoro yake, kwa sauti ileile ya bibi ya puani, mpaka nikaona kama yumo. Ndipo nilipocheka. Nilicheka mpaka jembe likanitoka mkononi, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, cha sauti, kama mtoto. Mzee hakunishika wala hakunibembeleza. Alibaki amelala.

"Nipeni kuku nitoke," alisema. "Jike. Jogoo wa mlimani wana miguu isiyolingana."

Alipewa kuku. Tukapandishwa wote wawili kwa kuvutwa mikono, na bibi akashushwa kwenye kaburi lile lile lenye ukuta uliotoka tumbo, tukamfukia kabla ya mvua nyingine.

Baadaye mama aliniuliza, mbele ya jiko, kule makaburini tulikuwa tunacheka nini, maana walisikia mpaka ndani. Nikamwambia habari ya malaika wanaonyeshewa. Alijifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, na sikujua ni kipi kati ya viwili, na nadhani naye hakujua.

Wakati wa kurudi tulikaa tena juu ya lori, safari hii juu ya mananasi, kuku akiwa amefungwa miguu katikati yetu. Nilimuuliza mzee swali lililokuwa linanisumbua.

"Je, kama wangekukatalia kuingia? Mle kaburini."

"Wanikatalie kwa nini? Mimi ni mtani."

"Nasema wangekukatalia."

Alifikiri. "Basi ningekuwa mgeni tu," alisema, "aliyekuja kula wali wa watu."

Akalala usingizi. Mimi sikulala. Nilikuwa namwona yule muuza viatu anaokota viatu vyake.

Nilikwenda tena maktaba nikakifungua kile kitabu, na mchoro ulikuwa palepale. Boma la wale askari wa kale lilikuwa na milango. Mbele ya kila mlango, kwa nje kidogo, walikuwa wamechimba kipande kifupi cha handaki, ili anayeingia alazimike kuzunguka na kuonyesha ubavu wake, lakini mlango ulikuwapo. Watu waliochimba kila jioni ya maisha yao waliacha mahali pa kupita. Nilikuwa nimeuona mchoro huo tangu siku ya kwanza. Nilichora kila kitu kilichokuwamo isipokuwa mlango, kwa sababu niliutazama nikaona tundu.

Mvua zilikuwa zimeanza kutulia. Nilifanya kazi kwa haraka ambayo sikuizoea. Nikakata handaki pande mbili, nikaweka kile kipande kifupi mbele ya kila uwazi, nikapunguza ugumu wa vigingi ili watu wenye mashoka waweze kuvikata kama walinzi wamezubaa. Pale handaki linapoishia palibaki ukingo mwembamba wa buluu, maji ya ule mto niliougeuza, yanaonekana kama utepe kwenye udongo. Sikujua jinsi ya kuyaondoa bila kuharibu mlango. Ningeendelea ningeweza kujua. Viganja vilinitoka jasho mpaka mausi ikawa inateleza, nikainuka, nikafunga chumba, nikaenda Mwembesongo kwa miguu kabla sijabadili mawazo.

Muuza viatu alikuwa anapiga rangi kiatu cha mguu mmoja.

"Mtani," nilimwambia, "kuna mlango."

"Mlango wa nini?"

"Wa wewe kuingilia."

Hakuinua kichwa. "Niingie na viatu au nivue?"

"Uingie na michembe yako, ukiweza."

Hapo akainua kichwa.

Alikuja Jumamosi, na wenzake kadhaa wa pale sokoni. Mara ya kwanza aliuvamia mlango wa mbele kwa pupa, farasi wake wakajazana kwenye kile kipande cha handaki, nikawamaliza. Mara ya pili alipeleka watu wachache mlango wa mbele wakapiga kelele, na wakati mimi nakimbilia huko, mashoka yake yalikuwa yanakata vigingi vya nyuma. Waliona kabla yangu wote waliosimama, ila hakuna aliyeniambia. Nilishtukia ghala langu linatoa moshi.

"Mlima unaungua!" alipiga kelele amesimama juu ya benchi. "Leteni maji, leteni bibi zenu! Mtumwa wangu, nikupe kibarua cha kubeba majivu?"

"Na hili nini?" mtu mmoja aliuliza, ameweka kidole kwenye kioo. "Mbona kuna maji hapa mlangoni?"

Nilifungua mdomo nieleze habari za mto na faili. "Wamelowa jasho hao," alidakia muuza viatu, "wametoka Tabora kwa miguu." Hakuna aliyeuliza tena. Mpaka jioni benchi halikukaa wazi, na wale wa nje walikuwa wanachungulia dirishani.

Mwalimu wa sekondari alikuja wiki iliyofuata na gari la wazi lenye matope mpaka kwenye vioo. Mzee alimkaribisha kwenye kigoda chake. Mimi nilisimama pembeni nimeshika kitambaa cha vumbi, nakikunja pembe kwa pembe.

"Nilikupa neno," mzee alimwambia. "Neno langu silirudishi. Ila watu wangu wamerudi. Chukua mbili."

"Mzee, tulisema nne."

"Tulisema nne wakati chumba hakina mtu. Una watoto wanaosubiri, siwezi kukurudisha mikono mitupu. Mimi nina watu wanaosubiri pia. Vita vinahitaji wawili, siyo wanne."

Mwalimu alitazama mashine, mzee akatazama barabara. Mwisho mwalimu alicheka kidogo, kama mtu aliyechoka, akakubali. Akaomba tu ziende zikiwa safi, bila michezo, maana wanafunzi wake wana mitihani.

Kuzisafisha ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye mashine ya kwanza nikafuta, nikahamia ya pili. Vigingi, miiba, handaki, rangi zile zote za udongo za masika nzima, kila faili kompyuta ikiniuliza kama nina hakika, nami najibu ndiyo. Nilitegemea kuumia. Niliumia, lakini siyo pale nilipotegemea. Nilichokionea uchungu ni jeshi lile dogo lililosimama ukingoni na mikuki juu, lililohifadhiwa humo tangu boma halijawa na mlango, ambalo sikuwahi kulipa pa kupita, na sasa lilikuwa linafutika likiwa bado limesimama. Nilizikunja waya. Nikawasaidia kuzifunga kwenye mablanketi yaleyale, tukazipakia.

Gari lilipoondoka chumba kilionekana kikubwa na kibaya, mezani kuna vivuli vya mraba mahali mashine mbili zilipokaa bila vumbi. Mzee alivitazama.

"Sogeza benchi pale," alisema. "Wakae wengi zaidi."

Nikasogeza. Sasa mashine zilikuwa mbili tu, na foleni ikawa ndefu, na yeyote aliyeshindwa alitoka nje kusubiri tena, hata kama ndiye mwenye ufunguo. Jumamosi ya kwanza nilishindwa mapema. Nilikwenda kukaa barazani pamoja na walioshindwa wengine, jua la baada ya mvua likituwakia magotini, mlima umejitokeza wote bila wingu. Ndani nilisikia mashoka yanafanya kazi, kisha yowe la watu wengi, kisha sauti ya mzee ikimwita mtu mtumwa. Boma limevunjwa, aliniambia aliyekaa karibu yangu, wameingia, hutaki kwenda kuona walipitia wapi? Nilitaka. Nilibaki nimekaa, nikasubiri zamu yangu.